Mambo Aliyowaambia Kondoo

Ukitaka kujua habari za kijiji cha Vitongoji, nani kaposa, nani kaachika, nani kajenga ukuta akaingia kwenye kiwanja cha jirani yake, ulikuwa huna haja ya kwenda Vitongoji. Ulikuwa ukae nyuma ya banda letu la kondoo siku ya kutoa damu, utulie, usikohoe, umsikilize Bi Daktari akiwasimulia kondoo.

Nieleze kwanza kondoo wamefikaje maabara. Sisi tunatafiti maradhi ya watu, kichocho, malaria na mengine ya tumbo, na kwa kazi hiyo tunafuga wanyama: panya weupe, sungura, na kondoo wachache ambao damu yao hutiwa kwenye visahani vya kuoteshea vijidudu. Wanyama hawa wakiumia hawawezi kuja ofisini kushitaki. Kwa hiyo lazima awepo mtu ambaye kazi yake ni kuwasemea, kuwakagua mmoja mmoja, kusema huyu mzima na huyu mgonjwa, na ikibidi kusimamisha utafiti mzima hata kama wakubwa wamekunja nyuso. Kwetu mtu huyo alikuwa Bi Daktari, daktari wa mifugo aliyesomea ng'ombe akaishia kwa panya. Jina analo, na ni zuri, lakini sijapata kumsikia mtu kazini akilitaja. Mimi ndiye mwangalizi wa vyumba vya wanyama, na nilifanya naye kazi miaka mingi kuliko niliyokaa na mume wangu wa kwanza, na kwa raha zaidi.

Basi siku ya kutoa damu yeye humshika kondoo kidevuni, mimi hutafuta mshipa wa shingo, naye huanza kuzungumza kwa sauti ya chini, ya namna moja, isiyopanda wala kushuka. "Basi yule mume, bibi, karudi. Karudi mikono mitupu, hana hata mkungu wa ndizi. Na mke kampokea. Miye ningempokea? Hata." Kondoo hutulia, macho nusu wazi, na damu huteremka taratibu kwenye mfuko. Mzungumzie mambo ya maana na sauti yako itakaza, alikuwa akisema, na kondoo ataisikia. Siku moja nilimuuliza kwa nini asiwasomee uradi, angalau apate thawabu. Akanitizama.

"Uradi wataka udhu na moyo," akasema. "Umbeya hautaki kitu."

Na ni kwa njia hiyohiyo ya kondoo nilijua habari ya macho yake. Tulikuwa na yule jike mwenye sikio lililochanika, na Bi Daktari alikuwa ameshamaliza habari za harusi ya mpwa wake, mara nikasikia: "Na miye nilikwenda kwa daktari wa macho. Kasema presha ya macho. Pembeni kushaanza giza. Kanipa dawa ya matone, kasema itazuia, lakini lililokwenda limekwenda." Sauti haikubadilika hata kidogo. Kondoo hakutikisika. Mimi ndiye niliyetikisika, na sindano ilikuwa mkononi mwangu.

Tulipokuwa tunanawa akaniuliza, "Ushasikia?"

"Nimesikia, Bi Daktari."

"Basi skiza na hili. Siku nitakayompita mnyama mgonjwa nikasema mzima, nambia. Siku ileile, palepale. Usiende kwa mkubwa wa kazi, usingoje kesho, usinionee haya. Sitaki mnyama alipie macho yangu."

Nikasema inshallah.

"Inshallah ya kweli, au ya kuniondoa hapa?"

"Ya kweli."

Akafunga bomba, akajifuta mikono, akaenda zake kunywa chai. Mimi nikabaki na kazi isiyokuwa kwenye mkataba wangu. Kazi yake ilikuwa kuwaangalia wanyama, na kazi yangu sasa ilikuwa kumwangalia yeye anavyowaangalia. Nilimwomba Mungu siku hiyo isifike, au ifike nikiwa likizo.

Jinsi alivyokuwa akiangalia ndiyo elimu niliyoipata kwake. Hakuingia chumbani moja kwa moja hata siku moja. Alikuwa na kidirisha chake mlangoni, kidogo, kimefunikwa kitambaa cheusi, na hapo husimama kwanza bila viatu. "Panya akikuona hujikaza," alitufundisha. "Yeye maisha yake yote ni kuogopa kuliwa, hataki ajulikane kuwa mnyonge. Mtizame kabla hajakutizama." Kwa kidirisha kile aliona manyoya yaliyosimama, mgongo uliokunjwa, macho yaliyofumbwa nusu, aliyejitenga kwenye kona wakati wenziwe wamelala rundo moja. Akiingia, wote wanakimbia huku na huko kama wazima, na mtu asiyejua angesema hakuna mgonjwa humu.

Nje ya mlango kulikuwa na benchi. Mwenye hasira, mwenye haraka, aliyetoka kugombana na mkewe, alikaa hapo mpaka pumzi zimrudie ndipo aingie. Sharti hilo halikuwa na mkubwa wala mdogo. Siku moja mkuu wa maabara alikuja na wageni huku anafoka kwenye simu, na Bi Daktari akamwonyesha benchi kwa kidole. Wageni walidhani ni mzaha. Mkuu hakudhani, akakaa, na wageni wakakaa naye, wamejipanga kama watu wanaongoja kuingia kwa mganga. Mimi nilikwenda stoo kucheka.

Lakini asikudanganye mtu ukadhani alikuwa mpole. Upole wake wote aliumalizia ndani ya vile vyumba. Akitoka tu, Mungu atuweke. Aliyeosha vizimba nusunusu alimwita maiti. Aliyechelewa kuleta majani alimuuliza kama ameyapanda mwenyewe. Muuza ndizi wa pale njiani alikuwa akimwona kwa mbali anaanza kupanga maneno ya kujitetea. Mwaka mmoja nilichoka, nikamwambia, "Bi Daktari, mbona sisi hutusemezi kama unavyowasemeza sungura?"

"Sungura hana ulimi wa kunijibu," akasema. "Nyinyi mnao. Nijibuni."

Basi nikawa namjibu. Akigomba nami nagomba, mpaka watu wanapita wanauliza kuna nini, na sisi hatuna lolote. Nadhani alinipenda kwa hilo kuliko kwa usafi wangu.

Kulikuwa na habari ya manukato. Mnajua wanawake wa huku. Nguo haitoki kabatini mpaka imefukizwa, na ukitoka harusini Jumapili, Jumatatu bado unanukia udi mpaka kwenye kucha. Bi Daktari aliupiga marufuku udi, asmini, mafuta ya marashi, na chochote chenye harufu ndani ya vyumba, kwa sababu sungura hujua ulimwengu kwa pua, na harufu ngeni humtia hofu akapiga miguu sakafuni usiku kucha. Na mwenyewe alikuwa mtu wa manukato kupita wote. Kwenye mkoba wake kila siku mlikuwa na kikuba, kile kishada cha maua ya asmini na majani ya rehani, kimefungwa kwenye mfuko wa plastiki mara mbili, na akishatoka getini ndipo hukifungua akakibana kifuani, akafumba macho, akavuta pumzi. Mlinzi alikuwa akisema ndiyo dakika pekee ya siku unayoweza kumwomba ruhusa akakupa.

Kwenye sheria hiyo ndimo lilimozuka la Bi Mize, mfanyausafi wetu. Sungura wachanga wawili walikufa siku moja baada ya wageni kuja kuwatizama na kuwasifu sana, na Bi Mize akaona hapa pana jicho la husuda. Hakumwambia mtu. Alhamisi jioni alikuja na chetezo, akatia makaa na ubani, akazunguka chumba cha sungura pembe zote nne huku anasoma Yasini, kwa mapenzi kabisa. Asubuhi sungura wote wanapiga chafya, macho yanatiririka, na watafiti waliokuwa wanajaribu dawa za kufukuza mbu, dawa ambazo kazi yake yote ni harufu, wakaambiwa kila walichokipima wiki ile kitupwe. Walitaka Bi Mize afukuzwe kazi siku ileile.

"Si mlikatazwa?" akauliza kijana mmoja wa watafiti, kwa ukali.

"Tulikatazwa udi," akasema Bi Mize. "Udi ni wa kujipamba. Ubani ni wa dua. Nani akataza dua?"

Nilimtizama Bi Daktari nikijua atalipuka. Hakulipuka. Alikaa akafikiri, akasema, "Kosa ni langu. Niliwaambia kitu gani wasilete, sikuwaambia kwa nini." Halafu akamchukua Bi Mize kwa mkono wakatoka mpaka kwenye uzio, mbali, upande upepo unakokwenda baharini, wakawasha chetezo hapo, wakasoma Fatiha wao wawili, moshi ukaenda zake. Toka siku ile, kila Alhamisi Bi Mize alifukiza pale kwenye uzio. Bi Daktari alihudhuria mara kwa mara, na ukimuuliza alisema anakwenda kupima upepo.

Kitu alichokilinda kuliko vyote kilikuwa kikomo. Kila utafiti kabla haujaanza ilibidi useme wazi: mnyama akifika hali gani, hatuendelei naye, analazwa usingizi usio na maumivu. Akifikia hapo basi, hata ukibakisha siku moja kumaliza kazi yako. Watu waliona ni maneno ya kwenye makaratasi mpaka Bi Daktari alipowafungia mlango. Daktari Salum, kijana kutoka Unguja, alikuwa na panya wa kichocho, na panya walianza kukonda. Bi Daktari akatizama kwa kidirisha siku hii na siku ya pili, akasema imetosha. Salum akaomba, akaleta vitabu, akaleta mpaka simu ya mwalimu wake. Alijibiwa maneno mawili tu: imetosha, mwanangu.

Na hapo, niseme kweli, alikosea. Ilikuja kujulikana baadaye kuwa panya walikonda kwa sababu chupa za maji za safu ile zilikuwa zinaziba, si kwa maradhi, na wangepona. Kazi ya Salum ya msimu mzima ilikwenda bure. Bi Daktari aliposikia, alivaa buibui lake zuri akaenda mpaka alipopanga Salum, kule Madungu mtaani kwangu, na mimi nikamfuata nyuma kwa umbea. Akamkuta anapika wali. Akamwambia mlangoni, hajakaribishwa hata kuingia: "Nimekosea, na panya wako wamekwenda kwa kosa langu. Lakini nikiwaona tena vile, nikawa sijui, nitafanya vilevile. Nimekuja unitukane." Salum hakumtukana. Alimkaribisha wali, nao wakala, na wali wenyewe ulikuwa umeungua. Kuanzia hapo Bi Daktari alizikagua chupa za maji kwa mkono wake, moja moja, zote, na akifika safu ile hupunguza mwendo.

Kuwalaza aliwalaza mwenyewe. Hakumwachia mtu kazi hiyo, hata siku alizokuwa anaumwa. Alimtoa mnyama akampeleka chumba kingine ili wenziwe wasinuse hofu, akamfunika kitambaa, na likishakwisha husema kwa sauti ya kusikika, "Innaa lillaahi wainnaa ilayhi raajiuun." Mwanafunzi mmoja aliyekuja kwa mazoezi aliona haya kidogo, akamuuliza kama maneno yale yanafaa kwa panya.

"Kwani weye wadhani panya ni wa nani?" akasema Bi Daktari.



Sasa niwaambie lililonishinda kumwelewa. Mwanamke huyu, ambaye angekusimamishia utafiti wa pesa nyingi kwa panya kusinzia vibaya, alikuwa hakosi mchezo wa ng'ombe, ule wa vijana kumchokoza fahali mpaka awafukuze. Kukitajwa tu kuwa kuna ng'ombe mahali, zumari limepigwa, vijana wamejiandaa na vitambaa vyao, Bi Daktari humkuti nyumbani. Alisimama mbele pamoja na wanawake wanaoimba, anapiga makofi, anawasifu ng'ombe kwa majina yao, anawazomea vijana waoga wanaoparamia miti. Nilimwona kwa macho yangu siku fahali mmoja mwekundu alipomrusha mtu kwenye mihogo, na Bi Daktari aliruka juu na kanga ikamdondoka. Mchezo ukisha, yeye ndiye wa kwanza kumwendea fahali, kumpapasa miguu, kutizama kamba imemkata wapi, na kumgombeza mwenye ng'ombe.

Nikamwambia, haya mawili mimi siyawezi kuyaweka pamoja. Akasema, "Fahali ana pembe. Akimchoka mtu humwonyesha. Sungura wangu atanionyesha kwa kitu gani?" Nikamwambia bado ni uonevu. Akafikiri sana, tumefika mpaka njia panda, akasema, "Huenda. Lakini miye napenda." Hakujitetea zaidi, na wala hakuacha kwenda.

Na huyohuyo aliyewapapasa mafahali alikuwa anaogopa bata bukini. Jirani yake Vitongoji anafuga watano, na Bi Daktari kila asubuhi alizunguka nyuma kwenye migomba ya watu, viatu vinajaa umande, ili asipite mbele yao. Nilimuuliza ana elimu gani ya mifugo. Akasema elimu anayo, na bata wale nao wanajua kuwa anayo, na hawajali.

Miaka hiyo yote macho yalikuwa yanakwenda. Dawa ya matone alitia, saa zilezile, hakukosa. Lakini nilianza kuona anageuza kichwa kizima pale ambapo zamani angegeuza jicho tu. Akawa anakagua safu ya vizimba akirudi kinyume, mara mbili, na tochi mkononi mchana kweupe. Akawa anashika zaidi ya kutizama: anapitisha vidole kwenye uti wa mgongo wa sungura, anamwekea sikio tumboni. Hakukosea. Kila siku nilipita nyuma yake naangalia alipoangalia, na kila siku alikuwa sawa, na kila siku nikitoka nilikuwa nimechoka kama niliyebeba mzigo. Nilitamani amwambie mtu mwingine. Nilitamani pia asimwambie mtu mwingine yeyote isipokuwa mimi. Mambo yote mawili nilikuwa nayo.

Siku yenyewe ilikuwa ya kawaida. Chumba cha pili cha sungura, safu ya chini, upande wa kushoto. Akapita na tochi: "Huyu mzima. Huyu mzima. Na huyu mzima." Kwenye kizimba cha mwisho alikuwamo jike wa kahawia, amejikunja, majani ya jana mbele yake hayajaguswa, na kwa pale niliposimama nilisikia meno yake yakisagana. Sungura husaga meno hivyo akiwa na maumivu makali. Bi Daktari akasema mzima, akanyanyuka, akageukia mlango.

Nikasema, "Bi Daktari. Umempita mmoja."

Akasimama. "Yupi?"

"Wa mwisho. Wa kahawia."

Akarudi, akapiga magoti, akatia mkono ndani. Nikaona vidole vyake vinafika tumboni na vinasimama hapo. Tumbo lilikuwa limejaa gesi, gumu. Sungura tumbo likisimama hivyo, wengi hawaioni kesho, na sote wawili tulijua. Akaniagiza dawa ya maumivu, na maji ya kutia chini ya ngozi, akafanya kila kitu mwenyewe, kwa mkono, bila tochi, na alifanya vizuri. Alipomaliza akasema bila kunitizama, "Nilikuwa narudi kwake. Weye ndiye umeniwahi."

Hakuwa anarudi. Alijua, na alijua kuwa najua.

"Nimefanya ulivyoniambia," nikasema.

"Ndiyo. Ushafanya kazi yako." Akachukua mkoba wake, akatoka, akapita getini, na mlinzi aliniambia baadaye kuwa hakukifungua kikuba. Kesho yake akampelekea mkuu habari kuwa amestaafu. Hakurudi tena, hata kuchukua kikombe chake cha chai.

Niliumia, sitaficha. Nilimpigia simu, hakupokea. Tulikwenda kumtizama na wenzangu tukiwa na mkate wa kumimina, akatukaribisha, akawauliza wote hali zao na za watoto wao, na mimi akaniuliza kama mvua imenyesha Madungu. Mtu akitaja kazini tu, yeye hutaja mihogo. Bi Mize akaanza, "Bi Daktari, kule kwa sungura," akakatizwa palepale na habari ya mbegu ya muhogo iliyotoka Kiuyu. Nikarudi nyumbani nimejaa hasira. Mtu kaniomba mwenyewe, kwa kinywa chake, kaniapisha, na nilipotimiza ananinunia kama mtoto. Nikaapa siendi tena.

Nilikwenda. Ilikuwa siku ya pili ya Idi, na moyo ulinikataza kukaa. Nikachukua halua, nikapanda gari mpaka Vitongoji, nikapita mbele ya wale bata bukini kwa makusudi. Nilimkuta ukumbini amekaa kwenye mbuzi anakuna nazi, uso umeelekea ukutani, mikono inafanya kazi peke yake. Hakuwa anaona tena ila mwanga.

"Shikamoo, Bi Daktari. Idi njema."

Mikono ikasimama. "Marahaba. Ndoo hapa, ukae." Halafu akaendelea kukuna. Akaniuliza mvua. Nikamwambia mvua. Akaniuliza mume. Nikamwambia mume. Nazi ikaisha, akachukua nyingine, akaipasua, akaanza upya, na mimi nimekaa na halua yangu mapajani najiambia nikimaliza chai naondoka na sirudi.

Mpwa wake alipotoka kwenda dukani, akaacha kukuna. Akakishika kifuu kwa mikono miwili.

"Alikufa lini?" akasema.

Sikumwelewa. "Nani?"

"Yule jike. Wa kahawia. Alikufa siku ileile, au alikaa mpaka asubuhi?"

Hapo ndipo nilipoelewa, na nilijiona mjinga kwa hasira zangu zote za miezi ile. Hakuwa amenuna. Alikuwa anaogopa kuambiwa.

"Hakufa, Bi Daktari."

"Usinipoze."

"Hakufa. Jioni ile alitoa choo, asubuhi akala majani. Yupo mpaka sasa. Amenenepa, na anamng'ata kila anayemwekea chakula."

Akavuta upindo wa kanga akajifunika uso, na mabega yakaanza kutikisika. Miaka yote ile sikuwahi kumwona akilia, wala kwa mnyama, wala kwa mtu. Nikashuka kitini nikakaa chini ubavuni mwake, na mimi nikalia.

"Kwa nini hukuuliza?" nikamwambia. "Ningekwambia siku ya pili tu."

"Ndiyo maana," akasema ndani ya kanga. "Wengine wangenambia kapona hata kama kafa, nami nisingewaamini. Weye ungenambia kweli. Nikawa kila nikisikia sauti yako nasema, ndiye huyo, kaja kunambia." Akajifuta macho, akapenga, akarudisha kanga kichwani. Akapapasa mpaka akaupata mkono wangu.

"Kesho nije nimtizame," akasema. Halafu akajirekebisha. "Nije nimshike."

Nikamwambia nitamfuata na gari asubuhi.